Dawa Inayosubiri Mwanga: Saratani za Kinywa na Koo, na Sisi wa Dodoma

(Haya niliyasema mbele ya wananchi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Dodoma. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka, pamoja na baadhi ya maswali.)

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi.

Kila mwenye simu yenye tochi aiwashe. Haya, sasa bandika ncha ya kidole juu ya ile taa, ubane kabisa. Mnaona kidole kimegeuka chekundu. Taa ya simu ni nyeupe, ndani yake mna rangi zote za upinde wa mvua. Buluu na kijani zimemezwa na damu yako hapo hapo juu juu. Nyekundu ndiyo iliyopenya nyama ikatokea upande wa pili. Mama pale mbele anasema chake kinang'aa hadi kwenye kucha. Ahsante mama. Zimeni sasa, tusimalize chaji.

Hicho mlichokiona vidoleni ndicho wanachokitegemea madaktari wanaotibu baadhi ya saratani za kinywa na koo kwa dawa ambayo ikishaingia mwilini inakaa kimya mpaka imulikwe. Jina lake la kitaalamu ni tiba ya fotodainamiki. Leo nitaiita tiba ya mwanga, tuelewane. Mimi ni daktari wa kinywa na meno, na nimekuja na jambo moja tu: tiba hii inamfaa zaidi mtu ambaye ugonjwa wake umeonekana ukiwa mdogo, na kwetu sisi ugonjwa unaonekana ukiwa mkubwa. Mengine yote nitakayosema yanazunguka hapo.

Nianze na namna inavyofanya kazi. Inahitaji vitu vitatu vikutane mahali pamoja kwa wakati mmoja: dawa, mwanga wa rangi inayoendana na dawa hiyo, na oksijeni. Dawa inachomwa kwenye mshipa, au inanywewa, au inapakwa, kutegemea aina. Inasambaa mwili mzima, kisha seli zenye afya zinaitoa mapema kuliko seli za saratani. Daktari anasubiri. Kwa dawa moja anasubiri saa chache, kwa nyingine siku nne. Halafu anamulika pale penye uvimbe peke yake. Dawa inachukua nguvu ya ule mwanga na kuikabidhi oksijeni iliyomo ndani ya seli, na oksijeni hiyo inageuka kuwa kali, inaharibu utando na viungo vya seli pale pale ilipozaliwa. Ukali huo unadumu muda mfupi mno, hauwezi hata kuvuka seli moja kwenda kuidhuru ya jirani. Mishipa midogo inayolisha uvimbe nayo inaziba. Na mabaki ya seli zilizokufa yanaishtua kinga ya mwili, ije kuangalia kuna nini.

Ule mwanga wenyewe hauunguzi. Hauna joto la kuchoma nyama. Nalisema hili kwa sababu watu wakisikia "leza" wanafikiria moto. Na kinyume chake pia nalisema: taa nyekundu peke yake, bila dawa, haitibu saratani. Mtu akikuuzia taa mtandaoni akakwambia uweke mdomoni itaondoa uvimbe, mwache na taa yake.

Habari hii si ngeni kama inavyosikika. Mwaka 1900, kule Munich, Ujerumani, mwanafunzi mmoja wa udaktari, Oscar Raab, alikuwa akipima rangi iitwayo akridini kwa vijidudu vya majini, paramesia. Aligundua kwamba vijidudu vile vile, kwa rangi ile ile, siku ya mwanga vilikufa haraka na kwenye mwanga hafifu vilidumu. Mwalimu wake, Hermann von Tappeiner, aliona uzito wa jambo hilo, na kufikia 1903 yeye na mwenzake Jesionek walikuwa wameshapaka rangi ya iosini kwenye uvimbe wa ngozi za wagonjwa na kuwamulika. Mwaka 1912 daktari mwingine wa Ujerumani, Friedrich Meyer-Betz, alijichoma mwenyewe miligramu 200 za hematopofirini, rangi itokanayo na damu, kisha akatoka juani. Uso na mikono vilimvimba vibaya, na ngozi yake iliendelea kulikataa jua kwa muda mrefu. Mkumbuke huyu bwana, nitamhitaji nitakapofika kwenye jua la Dodoma.

Baada ya hapo jambo lililala miaka mingi. Aliyelifufua hasa ni Thomas Dougherty, pale Roswell Park, Buffalo, Marekani. Mwaka 1978 alitoa taarifa ya wagonjwa 25 waliokuwa na vivimbe 113, na kati ya hivyo 111 viliitika, vingine vikiisha kabisa na vingine vikipungua. Kutokana na kazi hiyo ikaja dawa ya Photofrin, ambayo Kanada iliiidhinisha mwaka 1993 kwa kibofu cha mkojo na Marekani mwaka 1995 kwa saratani ya umio, yaani ule mrija wa chakula, pale unapoziba mtu ashindwe kumeza.

Umio nimeutaja makusudi. Tanzania imo kwenye ule ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapita Kenya na kwetu na Malawi hadi Afrika Kusini, ambako saratani ya umio imekithiri kuliko sehemu nyingi za dunia. Mtu anaanza kwa kukwamwa na ugali, baadaye anakwamwa na wali, baadaye uji, mwisho hata maji. Vinywaji vya moto mno, zaidi ya nyuzi 65, vinahisiwa kuchangia. Chai iliyotoka jikoni sasa hivi haiwezi kukukimbia, isubiri.

Nirudi kinywani, nyumbani kwangu. Kwa saratani za kichwa na shingo dawa iliyojulikana zaidi ni temopofini, inayouzwa kwa jina la Foscan. Ulaya waliiidhinisha mwaka 2001. Niwaeleze mgonjwa anavyopitia, maana ukisoma vitabu utaona vipimo tu, humuoni mtu.

Siku ya kwanza anachomwa sindano taratibu kwenye mshipa, kwa dakika zisizopungua sita. Dozi ni ndogo sana, miligramu 0.15 kwa kila kilo ya uzito wake. Mtu wa kilo 60 anapata miligramu 9. Chumba kina mapazia, taa ni hafifu. Anakaa siku nne. Siku ya nne anaingia chumba cha upasuaji. Wanamfunika uso kwa vitambaa vya kijani vilivyokunjwa mara mbili, macho yamezibwa, na ndani ya kinywa wanafunika kila sehemu nzima ambayo haitakiwi kuguswa na mwanga. Kinaachwa wazi kidonda na ukingo wake kidogo, kiasi cha nusu sentimita kuzunguka. Kisha unaletwa uzi mwembamba wa kioo wenye lenzi nchani, unaotoa mwanga mwekundu wa nanomita 652 (nanomita ndiyo kipimo cha rangi ya mwanga), unaelekezwa pale. Sekunde 200. Dakika tatu na sekunde ishirini, basi. Hapajakatwa kitu, hapajatoka damu. Kama ni mahali papana wanamulika kwa awamu, duara moja kisha lingine, bila moja kupanda juu ya lingine.

Kinachofuata si kizuri kukitazama. Ndani ya siku chache pale pamevimba, panauma sana, na mgonjwa anahitaji dawa za maumivu za nguvu, zile za jamii ya mofini. Panageuka kijivu, baadaye nyama iliyokufa inabanduka yenyewe kwa wiki kadhaa. Harufu ipo. Kula ni uji na supu iliyopoa. Mwenye kumuuguza asipoambiwa mapema atadhani mgonjwa wake ameharibiwa, atamtorosha wodini. Ndiyo maana nayasema haya mbele yenu wahudumu wa jamii, ninyi mtakaoulizwa.

Halafu nyama mpya inaota. Na hapa ndipo penye sababu yangu ya kuipenda tiba hii. Mnaijua tembe ya kizamani ya Wagogo: nguzo na fito ndani, udongo juu. Udongo ukibomoka kwa mvua, nguzo zikiwa zimesimama, unakandika upya na nyumba ni ile ile. Tiba ya mwanga inaua seli, ila zile nyuzi ngumu za kolajeni zinazoshikilia umbo la ulimi, la shavu, la kaakaa, nyingi zinabaki zimesimama. Seli zenye afya za pembeni zinapanda juu yake. Kovu linakuwa laini. Ulimi unaendelea kukunjika na kusukuma chakula.

Wenye kazi zetu hizi tunalijua vizuri jambo hilo. Upasuaji wa saratani ya kinywa unaokoa maisha, na sitaki mtu yeyote atoke hapa akikataa upasuaji aliopangiwa. Ila unapoondoa robo ya ulimi unaondoa na herufi. Mtu aliyekuwa anaongoza sala jumuiyani, au anaita mnada pale Msalato, anarudi anazungumza kwa ishara na watoto wake. Mionzi nayo inaokoa maisha, na kwa saratani za shingo mara nyingi ni siku tano kwa wiki, wiki sita hadi saba. Mtu wa Mpwapwa au Kondoa akipelekwa hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ahesabu nauli, ahesabu mahali pa kulala, ahesabu shamba lililobaki bila mtu msimu mzima. Baadaye kinywa kinakauka mate. Na mahali palipokwishapigwa dozi kamili ya mionzi hapapigwi tena kirahisi. Tiba ya mwanga inaweza kurudiwa pale pale, mara ya pili na ya tatu, na haifungi mlango wa upasuaji wala mionzi baadaye.

Matokeo je? Mwaka 2004 Colin Hopper wa London na wenzake walichapisha kazi yao ya wagonjwa 114 wenye saratani ya kinywa ya mapema, vivimbe visivyozidi sentimita 2.5, waliotibiwa kwa temopofini. Kwa 97 kati yao uvimbe uliisha kabisa. Baada ya miaka miwili, katika hao walioitika, zaidi ya robo tatu walikuwa bado salama. Kule Minnesota, Merrill Biel alitibu kwa njia hii wagonjwa wengi wa zoloto, kile kisanduku cha sauti, ugonjwa ukiwa bado juu ya utando, nao walibaki na sauti zao.

Sasa mipaka yake. Naomba mnisikilize hapa kuliko pengine popote.

Mwanga mwekundu unapenya, lakini hauendi mbali. Kidole chako umekiona, ni nyama ya sentimita moja na kidogo, na upande wa pili ulipata masalia ya mwanga tu. Kwa tiba hii tuhesabu milimita chache, kwa dawa bora karibu sentimita moja. Uvimbe uliokwisha kuzama chini ya hapo utabaki hai chini, juu pakionekana pamepona. Ugonjwa ulioingia kwenye mfupa wa taya, au uliohamia tezi za shingo, taa ya mdomoni haiufikii. Uvimbe uliokumbatia mshipa mkubwa wa damu ni hatari, maana ukifa ghafla mshipa unaweza kupasuka. Na kooni kuna hatari ya njia ya hewa kuvimba na kuziba, kwa hiyo wakati mwingine mgonjwa anatobolewa shingoni kwanza apumue. Hii si kazi ya zahanati. Ni kazi ya hospitali yenye mtu wa usingizi, yenye daktari wa pua, koo na masikio, na yenye maabara ya kusoma kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe, kwa sababu hakuna anayemulikwa kabla kinyama hakijasomwa.

Wajapani wamejaribu kuusogeza mpaka huo. Hisataka Kobayashi, akiwa Marekani kwenye taasisi ya taifa ya saratani, aliunganisha dawa ya mwanga na kingamwili inayotafuta seli za saratani na kujibandika kwao. Mwaka 2011 alichapisha, na Septemba 2020 Japani ikaidhinisha dawa hiyo kwa saratani za kichwa na shingo zisizoweza kupasuliwa. Mgonjwa anawekewa dripu, kesho yake anamulikwa kwa mwanga wa nanomita 690, na kama uvimbe uko ndani, nyuzi za kioo zinapitishwa kwenye sindano hadi katikati yake. Ni kazi nzuri sana. Gharama yake siioni ikifika Chamwino hivi karibuni.

Kinachonipa matumaini ni kitu kingine, cha bei ndogo, kutoka India. Kule saratani ya kinywa ni miongoni mwa saratani zinazoongoza kwa wanaume, sababu ya tambuu, popoo na tumbaku ya kutafuna. Tayyaba Hasan wa hospitali kuu ya Massachusetts, pamoja na Jonathan Celli na wenzao wa India, walitengeneza taa ya LED inayotumia betri, yenye mwanga wa nanomita 635, na vishikizo vidogo vya kuwekwa mdomoni ili mgonjwa auume na mwanga ukae pale pale bila kuyumba. Dawa yao ni asidi ya aminolevulini. Hii miili yetu inaitengeneza yenyewe kila siku tunapotengeneza damu. Mtu akinywa ya ziada, seli za saratani zinaigeuza kuwa pofirini, ndiyo inayoamshwa na mwanga, na kuilimbikiza. Ukimulika kwa mwanga wa buluu, pofirini inang'aa nyekundu-waridi gizani, na kamera ya simu inaipiga picha: daktari anauona ukingo wa ugonjwa kabla ya kutibu, na anaona ung'avu ukififia tiba inapokwenda. Walijaribu Aligarh kwa wagonjwa wenye saratani ndogo za kinywa, na kwa walio wengi uvimbe uliondoka.

Fikirieni hilo. Betri, ili umeme ukikatika kazi isisimame. Dawa ya kunywa. Na inatoka mwilini ndani ya siku moja au mbili, wakati temopofini inamfungia mtu ndani wiki mbili na Photofrin mwezi na zaidi.

Ndipo tunapofika kwenye jua letu. Mnamkumbuka Meyer-Betz. Mgonjwa aliyechomwa temopofini ana dawa kwenye ngozi yote, kwa hiyo jua likimpata popote linamuunguza popote. Siku ya kwanza, chumba chenye mapazia na balbu isiyozidi wati 60. Kisha kidogo kidogo anaongezewa mwanga wa ndani, na ni muhimu auongeze, kwa sababu mwanga mdogo wa nyumbani unasaidia kuivunja dawa polepole. Asijifungie gizani totoro. Wiki ya pili anaweza kutoka kivulini au siku ya mawingu. Kuanzia siku ya 15 anajaribu: anatoa mgongo wa kiganja juani dakika tano, anasubiri saa 24, pasipowasha wala kuvimba anaendelea.

Hayo yameandikwa na watu wa Ulaya, kwa jua la Ulaya. Hapa tuko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kuanzia Mei hadi Novemba wingu unalitafuta. Nyumba zetu nyingi ni za bati, na bati lililowahi kung'olewa na kupigiliwa upya lina matundu ya misumari. Mshale wa jua unaopita kwenye tundu hilo saa sita mchana na kutua kwenye mkono wa mgonjwa aliyelala unatosha kumtoa lengelenge. Dirisha la basi kutoka hapa hadi Kongwa linatosha. Kwa hiyo siku tutakapokuwa na dawa za aina hiyo, mgonjwa abaki wodini, au nyumba yake ikaguliwe kwanza na mhudumu wa jamii, matundu yazibwe. Na asafirishwe usiku.

Losheni ya jua haisaidii. Najua hapa wapo ndugu zetu wenye ualbino, na wanaijua losheni inayotengenezwa pale hospitali ya KCMC, Moshi. Ile ni nzuri na waendelee nayo, inazuia mionzi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho. Dawa hizi zinaamshwa na mwanga wenyewe tunaouona kwa macho, na huo unapita kwenye losheni. Kinga ni nguo nzito, kofia pana, glavu na kivuli. Kwa kweli mtu wa kumfundisha mgonjwa huyu namna ya kuishi na jua la Dodoma ni nyie mliolikwepa tangu utotoni kuliko mimi.

Sasa nije kwetu sote. Nilisema tiba hii inataka ugonjwa mdogo. Unauonaje?

Mzee aliyezoea kuweka ugoro mdomoni anauweka mahali pale pale kila siku, kati ya mdomo wa chini na fizi. Nikimvuta mdomo taratibu na kumulika, mara nyingi naona ngozi pale imekunjamana, nyeupe, nene, haifutiki kwa pamba. Yeye haimuumi. Baraka ya kutouma ndiyo inayomponza. Doa jeupe lisilofutika linahitaji kuangaliwa, na doa jekundu la mahameli linahitaji kuangaliwa zaidi, kwa sababu wekundu unabeba hatari kubwa kuliko weupe. Kidonda kinywani kilichopita wiki tatu bila kupona. Jino linalolegea peke yake. Sauti iliyokwaruza wiki tatu na huna mafua. Sikio linalouma upande mmoja na masikio yenyewe ni mazima. Uvimbe shingoni usiouma. Yeyote kati ya hayo, nenda kituo cha afya, na ukiambiwa nenda hospitali ya rufaa, nenda.

Kabla ya hospitali, wengi wetu tunapita pengine. Tunakatwa kimeo. Naomba radhi kwa wazee, nalisema kwa heshima yote. Kikohozi hakikomi, koo linawasha, mtu anaambiwa kimeo kimerefuka, kinakatwa kwa wembe au uzi. Kimeo hakikuwa na kosa lolote. Kama pale nyuma palikuwa na uvimbe, umeachwa unakua, na mgonjwa anakaa nyumbani miezi akisubiri kupona kitu kisichohusika, huku akiwa amejiongezea hatari ya kutoka damu na kuambukizwa. Mkimwona mtu mzima anapelekwa kukatwa kimeo kwa sababu ya koo, mleteni kwanza aangaliwe.

Tumbaku na pombe zikikaa pamoja zinazidishana. Sigara na ugoro ni hatari, pombe ni hatari, mwenye vyote viwili yuko pabaya mara nyingi zaidi. Hilo linahusu pombe ya ujimbi kama linavyohusu divai ya zabibu zetu. Na kirusi cha HPV, hasa aina ya 16, kinasababisha saratani za nyuma ya ulimi na mafindofindo. Chanjo yake ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana, kwa ajili ya mlango wa kizazi. Wapelekeni mabinti.

*Swali: Daktari, kama mwanga ndio dawa, kwa nini mgonjwa asifungue tu mdomo juani? Jua ni la bure.*

Mama, umeuliza vizuri. Kwa ngozi, kule Ulaya wapo wanaopaka dawa kwenye vipele vya jua ambavyo havijawa saratani, kisha mgonjwa anakaa nje mchana saa kadhaa. Kinywani haiwezekani. Jua halifiki nyuma ya ulimi, huwezi kulipima kiasi, na wakati unaachama uso wote unaungua pamoja na kidonda. Taa inapimwa hadi sekunde.

*Swali: Baba yangu ameshapigwa mionzi na uvimbe umerudi. Anafaa?*

Inawezekana, na wagonjwa wa namna hiyo ndio Ulaya iliowaidhinishia temopofini. Jibu linategemea kina chake na ulipokaa. Aanze kwa daktari aliyempa mionzi, apigwe picha upya. Kama anapata shida ya kumeza au maumivu leo, hayo yatibiwe leo. Dawa za maumivu na mrija wa chakula asivisubirie kitu kingine chochote.

*Swali, kutoka kwa kijana mhudumu wa jamii Bahi: Sisi tufanye nini, maana taa hiyo hatuna?*

Tuna chuo kikuu chenye kitivo cha udaktari hapa hapa Dodoma, na hospitali ya Benjamin Mkapa jirani yake. Ombi langu kwao, na nimekuja kulisema hadharani, ni kwamba taa ya betri na dawa ya kunywa vijaribiwe hapa, kwa utafiti wenye kibali, kwa wagonjwa wachache wenye saratani ndogo za kinywa. Tutahitaji kuwapata hao wagonjwa ugonjwa ungali mdogo, na hao wako kwenye kaya unazozitembelea wewe. Ukienda kupima watoto uzito au kuuliza habari za vyandarua, mwombe na babu afungue mdomo. Chini ya ulimi, pembeni za ulimi, ndani ya mashavu, kwenye bonde la mdomo wa chini. Pitisha tochi, andika ulichokiona na tarehe, rudi baada ya wiki mbili. Kikiwepo bado, mpe rufaa siku hiyo hiyo.

Tukimaliza hapa hatutawanyiki. Mimi na wenzangu tutaangalia vinywa vya wote wanaopenda, bila malipo, pale chini ya mwarobaini ambako tumepanga viti. Watumiaji wa ugoro na sigara watangulie, na wazee zaidi ya miaka arobaini. Wenye meno bandia wayavue kabisa kabla hawajaketi, maana chini ya meno bandia ndiko tunakokosa kuangalia. Ndoo ya maji na sabuni iko upande wa kulia.